Ile Tatu Aliyoiona Mjomba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba lile goti limepunguza kukusumbua tangu uache kukanyaga cherehani mchana kutwa, ingawa nakujua, umeacha kwa mdomo tu. Nisalimie wote hapo nyumbani, na jirani wa kushoto, na hata yule wa kulia ambaye hatuelewani naye. Mimi mwilini sijambo. Rohoni nimekasirika, mama, na nimeona niseme mapema usije ukashangaa kalamu inavyochimba karatasi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Nimekupigia mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza habari za kuku. Isitoshe, humu ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Tafadhali usiifungue kwanza. Soma hii mpaka mwisho.

Uliponiambia kwamba kaka yako amepelekwa kupimwa macho, niliinuka nikaanza kutembea chumbani, na chumba changu unakijua, hatua nne umeshafika ukutani. Huyo mpima macho alisema ana macho ya kawaida ya mtu wa umri wake. Halafu akamuuzia miwani! Kama ni macho ya kawaida, miwani ya nini? Sasa unasema mjomba anaivaa kutwa, kichwa kinamuuma, na juzi amekosea kidato cha mlangoni kwako akaanguka na bakuli mkononi. Unasema ukimpa sindano akutungie uzi kama alivyozoea tangu mko watoto, anairudisha na kusema mpe mwenye macho. Na kubwa kuliko yote, mwisho wa mwezi huu atamgawia yule mlehemu wa mtaa wa pili vifaa vyake vyote, pimamaji, misumeno, mpaka ile koleo ya mpini mwekundu, kwa sababu kipofu wa nini na vifaa. Mama, mjomba si kipofu. Nakuomba umzuie. Mwambie asubiri, funga hata kufuli kwenye lile sanduku, ufunguo ufiche kwenye kikopo cha vifungo.

Maana mtu mwenyewe ni nani? Hapa karakana kwetu jina lake halisi hakuna anayelijua. Anaitwa Jicho. Alipata jina hilo zamani, kabla mimi sijaja, siku alipopita mbele ya kitanda kilichokwisha kupakwa rangi akasema mguu mmoja ni mfupi milimita mbili. Wakabisha, wakapima, wakakirudisha kurekebishwa. Miaka kumi na tisa amekata na kulehemu vitanda vya wagonjwa hapa, na ndiye aliyeniombea kazi nilipomaliza masomo, akamwambia meneja kwamba mpwa wake amezaliwa na rula mkononi. Ndivyo nami nikaitwa Rula na banda zima. Sikukasirika kwa jina hilo. Lilinipa mahali pa kukaa.

Meneja wetu tunamwita Leoleo, kwa kuwa kila kazi anaitaka leo leo. Ukimwambia kesho, anakutazama kama umemtukana. Haraka haraka haina baraka, lakini nenda kamwambie yeye.

Ngoja nikueleze kazi yangu vizuri, kwa sababu miaka minne umewaambia watu kwamba nachora kwenye kompyuta, nao wanadhani nachora maua. Kitanda kimoja cha mgonjwa ni vipande thelathini na saba. Kila kipande kina mchoro wake, na michoro yote inakusanywa katika mchoro mmoja wa kitanda kizima. Pembeni mwa kitanda kuna zile fito za kumzuia mgonjwa asianguke, sisi tunaziita mbavu. Ubavu mmoja una miguu miwili, nayo inashuka kwenye matundu mawili ya fremu. Sasa umbali wa matundu na umbali wa miguu lazima uwe mmoja, la sivyo ubavu haukai. Naweza kuiandika namba hiyo mara mbili, kwenye fremu na kwenye ubavu. Au naweza kuiambia programu: kipimo hiki cha ubavu usikiandike, kichukue kule kwenye fremu. Hapo vipimo vimefungwa pamoja. Nikirefusha fremu, ubavu unajirefusha bila mimi kuugusa. Ni kama wewe unavyokata mkono wa shati. Hukati kwa namba ya kwenye daftari, unaupima kwenye bega la shati lenyewe, na ndiyo maana mashati yako hayavuti kwapani.

Mjomba alifanya hivyohivyo kwa chuma, tena bila kompyuta. Hakukata ubavu kwa namba tupu hata siku moja. Alilaza bomba juu ya fremu yenyewe, akapiga chaki penye matundu, ndipo akawasha msumeno. Vijana wakimcheka anawajibu kwamba pima kitu, usipime habari za kitu. Lakini mwaka jana Leoleo aliamua fremu zitengenezwe banda la mbele na mbavu banda la nyuma, kwa wakati mmoja, ili kazi itoke upesi. Mjomba akabaki huko nyuma na karatasi tu, bila fremu ya kulazia bomba lake.

Alinijia mezani, kofia mkononi, eti anaomba ruhusa kwa mtoto aliyembeba mgongoni. Alitaka asubiri angalau fremu moja ikamilike, aletewe, apimie hapo, ndipo akate mbavu zilizobaki. Nilimuonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Nikaivuta fremu, ubavu ukajirefusha mbele ya macho yake. Nikamwambia, mjomba, humu vimefungwa, haviwezi kuachana. Alicheka kicheko chake kile cha kukohoa, akanigonga begani.

"Basi wewe ndiye fremu yangu," akasema.

Tangu siku hiyo alikata kwa karatasi.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Ilikuja kazi ya vitanda arobaini, maana yake mbavu themanini. Kazi ikiwa imeshaanza kuchorwa, mteja akataka kitanda kirefushwe. Matundu ya fremu yaliyokuwa yameachana milimita 1,236 yakawa 1,286, yaani sentimita tano zaidi. Nikarefusha fremu kwenye mchoro, nikachapisha karatasi, mabanda yote mawili yakapelekewa. Baada ya siku tisa vitanda vikaletwa uani kuunganishwa, na mbavu hazikushuka. Mguu mmoja unaingia, wa pili unabaki juu ya chuma umeduwaa. Ubavu wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, mpaka wa themanini. Zote zilipungua sentimita tano, kama suruali ya mtoto aliyerefuka likizo.

Leoleo alituita sote uani. Hapa kwetu karatasi ya kazi ikishatumika inatundikwa kwenye msumari mlangoni mwa banda, na haiondolewi mpaka mzigo uondoke. Alikwenda kuichomoa ile ya mbavu kwenye msumari, akaisoma kwa sauti: 1,286. Akapima ubavu kwa tepu: 1,236. Akasema hapa mtu ameiona nane akaisoma tatu, na wala hapakuwa na haja ya kutafuta ni nani.

Mjomba akasema, "Mimi niliona tatu."

Akapewa karatasi. Alikwenda nayo mpaka penye jua, akaileta karibu na uso, akaisogeza mbali, akaileta tena karibu. Watu ishirini tumesimama tunamtazama. Nane ilikuwa nane. Aliikunja karatasi taratibu, akamrudishia meneja kwa mikono miwili.

"Basi ni macho yangu," akasema.

Mama, sijawahi kumsikia mjomba akisema neno kwa sauti ndogo hivyo. Na ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Watu aliowafundisha kushika mashine ya kulehemu, watu aliowaokoa vidole, wote wakawa wanaangalia chini kana kwamba kuna sarafu imedondoka. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mtu anayeona ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma ashindwe kuona nane iliyochapishwa kwa wino mweusi. Walikuwa wepesi kuamini. Mtu akishakuwa na mvi, kosa lolote linalopita karibu linamkalia yeye.

Wiki hiyohiyo wakamuaga. Leoleo akatoa hotuba ya dakika nne, nusu yake ikiwa inahusu yeye mwenyewe, akasema kampuni inajali afya ya wazee wake na ni wakati Jicho lipumzike. Watu wakacheka. Kisha wakampa zawadi, na zawadi yenyewe ni saa ya ukutani. Fikiria, mama. Unamfukuza mtu kwa kuwa haoni, halafu unampa saa ya ukutani aitazame. Tena inachelewa, mwenyewe umesema inachelewa dakika kumi kila siku. Niliposikia ameitundika sebuleni kwako juu ya cherehani, nilitamani nije niing'oe kwa meno.

Siku ile ya kuagana, kabla hajapanda basi kuja kwako, alinifuata mezani. Nilijua atakuja, nikajifanya natafuta kitu kwenye droo. Akaniambia maneno haya, nayakumbuka moja baada ya jingine: "Rula, usijisumbue moyo. Wewe uliandika vizuri. Ni mimi niliyesoma vibaya."

Nimeshamlaumu mpima macho, nimemlaumu meneja, nimewalaumu walehemu wa mabanda mawili, mpaka saa nimeilaumu. Sasa vuta kiti ukae, kama bado umesimama.

Mjomba aliona tatu kwa sababu karatasi yake ilikuwa na tatu.

Nilimwambia vipimo vimefungwa, na siku ile nilipomwambia vilikuwa vimefungwa kweli. Lakini kazi hii ya vitanda arobaini ilipoanza, nilihamisha michoro kutoka kabrasha moja la kompyuta kwenda jingine. Nina kabrasha linaitwa Mwisho, jingine Mwisho Kabisa, na jingine Mwisho Kabisa Kweli, unicheke tu. Nilipohamisha, ubavu ukawa haujui fremu iko wapi, na programu ikaanza kulalamika kwa maandishi mekundu kila nikigusa kitu. Ilikuwa inaniambia ukweli, mama: uzi umekatika, ufunge upya. Ni kazi ya robo saa. Leoleo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu anasema leo, leo. Nikaufuta uzi huo wote, nikaandika 1,236 kwa mkono wangu kwenye ubavu, maandishi mekundu yakapotea. Nikajiambia nitafunga baadaye. Mteja alipotaka kitanda kirefushwe, fremu ikarefuka, na ubavu ukakaa palepale nilipouacha. Sikuutazama. Kwa nini niutazame, wakati mimi ndiye niliyekuwa nikiwatangazia watu kwamba unajirefusha wenyewe?

Ningeishia hapo, ungesema ni bahati mbaya, binadamu hukosea. Sikuishia hapo. Mbavu zilipogoma, kabla watu hawajaitwa uani, nilikimbilia mezani nikafungua mchoro. Niliona tatu yangu imekaa pale. Nikafunga kipimo upya, na kufumba na kufumbua ikawa 1,286. Nikachapisha karatasi mpya. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Nikapita banda la nyuma, nikaichomoa karatasi ya mjomba kwenye msumari, nikatundika yangu, nikaiga vitiki anavyotia kando ya namba kwa penseli, nikaipaka vumbi la chuma kwa kiganja ili isionekane mpya. Nilijiambia watasema ni mashine, au watasema ni mambo ya karatasi kuchanganyikana, watapiga kelele na yatapita. Sikufikiri watamtafuta mtu. Hilo nalo ni uongo, mama. Nilifikiri, nikaomba asiwe mimi.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake alipokuwa anaigeuza ile karatasi juani. Aliinua macho akanitafuta, nadhani alitaka nimsomee. Nikatazama viatu vyangu. Kwa hiyo ninapowakasirikia wale waliotazama chini, ujue wa kwanza kutazama chini nilikuwa mimi. Nilimwambia mtu mwenye jicho kuliko sote kwamba alichokiona hakukiona, na akaniamini mimi kuliko macho yake. Nimelala na jambo hilo wiki sita. Uliposema amekosea kidato akaanguka kwa sababu ya miwani asiyoihitaji, sikuweza tena.

Jana asubuhi niliingia kwa Leoleo nikamweleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Nilitegemea anifokee. Hakufoka. Aliuliza kama mbavu mpya zimekamilika, nikasema zilikamilika zamani, akasema basi imekwisha, na mimi bado ananihitaji mezani. Nikamuuliza, na mjomba je? Nakuapia alinijibu hivi, huku anatafuta kalamu yake: "Mzee ameshapewa saa yake. Unataka tumnyang'anye?"

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka mezani kwangu. Nikachukua karatasi kubwa, nikaandika kwa kalamu nene kwamba kosa la mbavu themanini ni langu, kwamba nilibadilisha karatasi ya Jicho, na kwamba Jicho alikata sawasawa alichopewa. Nikaitia jina langu kamili, nikaitundika kwenye msumari uleule. Leoleo aliichana kabla ya saa ya chai. Leo asubuhi nimekuta maneno yaleyale yameandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa banda la nyuma, herufi kubwa kama mlango, na mwandiko si wangu. Misumeno ilikuwa imenyamaza. Wananiangalia vibaya, na wana haki. Mimi nimeambiwa nirudi nyumbani nisubiri kuitwa. Inawezekana nisiitwe, na kama nisipoitwa nitakuja huko nikukanyagie cherehani. Kama mjomba atarudishwa kazini sijui, nimewaandikia wakubwa wa Leoleo na sitaacha kuwaandikia. Lakini hilo linaweza kuchukua siku nyingi, na vifaa vyake vinagawiwa mwisho wa mwezi.

Sasa ifungue ile karatasi nyingine. Ni yake yenyewe, ya kwanza. Sikuwa na moyo wa kuichana siku ile, niliificha ndani ya kitabu, na nashukuru kwa woga wangu huo mmoja. Utaona alama za dole gumba lake lenye grisi kwenye kona. Utaona pia vitiki vyake vya penseli. Ndiyo desturi yake, akimaliza kukata kipande anarudi kukipima, kikilingana na karatasi anatia tiki kando ya namba. Tiki ya tatu kutoka juu iko kando ya umbali wa miguu ya ubavu.

Nakuomba mambo mawili. Barua hii usimsomee kwanza. Mkalishe, mvue ile miwani, mpe karatasi yake mwenyewe, akae palepale kwenye kiti chake asisogee dirishani. Muulize namba iliyo kando ya tiki ya tatu ni ngapi, umwache aitaje kwa kinywa chake. Akishaitaja, ndipo umpe na barua hii, ajue ni nani aliyemfanyia hivyo. Akitaka kunisemesha, niko tayari kusikia lolote. Asipotaka, nitaelewa, nitaendelea kumwamkia kupitia kwako mpaka atakapochoka kukataa.

Nifikishie shikamoo yangu kwake hata kama hataipokea. Wape pole wote kwa aibu hii niliyowaletea, na goti lako ulikande kwa maji ya moto kama nilivyokuambia. Ile saa iteremshe ukutani. Na jambo la pili, mama, usisahau: akishaitaja ile namba, weka sindano mkononi mwake, bila miwani, akutungie uzi.

Wako mwanao,
Rula